Mafua ya Kahawa

Mbinga, mlimani
8 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo nyingine ni ya mjukuu wako Tadea, ambaye hajui kusema lakini nilipotamka jina lako alitoa ulimi, basi nikahesabu hiyo ni salamu. Kifua kinaendeleaje? Pumu inakuacha ulale, au bado unakaa kitandani umejiegemeza ukutani kama mlinzi wa bohari? Sisi tupo. Baridi imetukalia, mtoto ananyonya hadi naona nyota, kahawa imeiva yote kwa mara moja.

Barua hii nampa mama Ottilia akimaliza kuuza usipa hapa sokoni, ateremke nayo. Simu yako imezama ziwani na umekataa nyingine, unasema simu inamkata mtu sauti. Haya. Karatasi itanuka samaki, uisome hivyo hivyo.

Mama, Ottilia kaniambia umeshachota maji ya ziwa ukayatia kwenye dumu, uje umnawishe mjukuu kama bibi alivyoninawisha mimi. Hamu yangu ya kukuona sina pa kuiweka. Lakini nakuomba usije sasa. Subiri.

Huku kila mtu anakohoa. Wenyewe wanayaita mafua ya kahawa. Wanasema kahawa ikiiva na pua zinaiva, na asiyepiga chafya mwezi wa sita shamba lake halijazaa. Wanacheka. Tunachuma pamoja, tunamenya kwenye mashine moja, na kopo la togwa linazunguka kutoka mdomo hadi mdomo mpaka liishe. Ukilipitisha bila kunywa, umewadharau wenzako.

Basi unamkumbuka Urbani, shemeji yangu mdogo, yule aliyebeba sanduku lako na kochi siku ya harusi huku akiimba. Alianza kwa chafya, anamenya na kutania watu. Homa ikapanda. Akasema ni mafua tu, akanunua vidonge vya rangi mbili dukani, akameza, akarudi kwenye mashine. Kahawa aliyoimenya kwa mikono yake ilikuwa bado mbichi kichanjani tulipomzika.

Nesi Devotha wa zahanati amesema haya si mafua ya kupenga na kusahau. Ni influenza, na huwa inakuja na majira kila mwaka, sisi tunaichekea tu kwa sababu tumeizoea.

Kuna jambo jingine, nacheka nikiliandika ila sichekeshwi. Asubuhi ukungu ukishuka huwezi kuona mti wa pili. Unasikia watu wakikohoa mteremko wa pili na huoni mtu. Urbani alikuwa na kikohozi chake, kikavu, mwishoni anasema "ehee" kama anayekubali neno. Juzi kikatoka upande wa mashine. Mume wangu Ladislaus akajibu, "Pole, bwana mdogo," kabla hajakumbuka. Tukatazamana. Hakuna aliyekwenda kuangalia.

Usije, mama. Nitakuambia lini.

Mwanao,
Eunice (Mama Tadea)


Lundo
15 Juni 2025

Mwanangu Eunice,

Marahaba. Na Tumsifu Yesu Kristo, wakwe zako wasije wakasema Mwanglikana hana adabu. Mimi nipo. Kifua ni kile kile, kinapiga filimbi usiku, nimekizoea kama watu wanavyozoea mume mkoromaji. Tadea hajambo? Hilo jina bado linanipa shida mdomoni, lakini mwenye jina atalifanya tamu.

Barua yako nimeisoma nikaikunja, nikaifunua tena nikidhani nimeruka mstari. Nizuiwe kwa mwanangu na kamasi? Mimi niliyekuzaa mvua ikinyesha ndani ya nyumba! Niliyelala na kaka yako Hamphrey ana surua, nikala naye sahani moja! Mafua hayajawahi kumzuia bibi wa ukoo huu. Sema kama wakwe hawanitaki, nitaelewa.

Urbani nimemlilia kweli. Lakini mwanangu, kijana kama yule haondoki kwa chafya. Alikuwa na lake jingine.

Ottilia amerudi akiwa hoi. Alifikia kwangu, hakufika hata kwake. Nimemkanda mgongo, nimemfukiza kwa majani ya mikaratusi, tumejifunika naye blanketi moja, mvuke ukatutoa jasho wote wawili. Tumekula ugali sahani moja. Mtu akiugua asile peke yake kama mbwa.

Nkungu wametoka ziwani wiki hii. Unakumbuka ule moshi wa vijidudu, unasimama juu ya maji kama nyumba inaungua? Miaka yote unapita mbali. Safari hii umekuja hadi kanisani watu wakiwa ndani. Mchungaji akaendelea kuhubiri, ila hatukumsikia. Si kwa ajili ya wadudu, ni kwa kukohoa. Kanisa zima, mwanangu. Mtu mmoja akianza, mwingine anapokea kama kibwagizo.

Dumu lipo mlangoni. Nikipata gari naja. Wala usinifokee.

Mama yako,
Lidia


Mbinga
19 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Nimepokea yako kwa Meshack, utingo wa gari la samaki, akaniambia Ottilia hawezi kusimama. Mpe pole yangu. Nawe pole. Tadea anaongezeka, shingo imeanza kukaza. Mimi nimechoka tu, na ka-kikohozi kidogo, uchovu wa kunyonyesha na kuchuma.

Leo nakufokea, mama. Utanisamehe baadaye, kwanza nisikilize.

Wakwe zangu wanakutaka. Mama mkwe ametenga jogoo wako, hata jina kampa. Anayekukataza ni mimi mwanao, mwenyewe, kwa kinywa changu.

Nimerudi kwa nesi Devotha nikamuuliza kama mjinga anavyouliza, bila haya. Nikasema, mama yangu ana pumu, umri umekwenda, na amejifunika blanketi moja na mgonjwa. Alikuwa anaandika, akaweka kalamu chini. Akasema mafua ya kawaida yanakaa puani, haya yanashuka. Yakimkuta mzee, au mtoto mchanga, au mwenye mimba au aliyejifungua juzi, au mwenye pumu au sukari, yanaweza kumzamisha mtu akiwa nchi kavu. Na kijana mwenye nguvu naye hana cheti cha kupona, Urbani ni shahidi. Chanjo ipo duniani, anasema, ila huku kwetu haijafika.

Basi fanya hivi. Ottilia alale chumba chake, dirisha wazi. Ukimhudumia funga kitambaa puani na mdomoni, nawa kwa sabuni. Kila mtu na kikombe chake. Kujifukiza acha, mvuke hauui ugonjwa, na kifua chako unaweza kukibana. Rangi mbili usimeze, haya si ya rangi mbili. Na zaidi ya yote: ukijiona unapumua haraka hata umekaa, au midomo imebadilika rangi, au unachanganya siku, au unaona vitu ambavyo havipo, usingoje asubuhi wala usingoje mtu. Nenda kituo cha afya. Ottilia vile vile, aende leo.

Mimi huku nimelikataa kopo la togwa mbele ya watu. Nimekuja na kikombe changu. Shangazi wa Ladislaus akauliza, "Kwani sisi tuna ukoma?" Wakanibatiza Daktari wa Lundo. Nikipita wanasema, "Daktari, nipige sindano." Nawaacha wacheke. Ila nimeona wawili wameanza kuja na vikombe vyao, wamevificha ndani ya vikapu.

Kile kikohozi cha kwenye ukungu kipo bado. Sasa kinasikika na mchana.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Eunice


Lundo
26 Juni

Eunice,

umekuja jana na hukuniambia kama unakuja. Ottilia tumemzika Jumatatu, sikukuandikia kwa kuwa mkono ulikuwa mzito, hakwenda kituoni alisema akipata jasho moja tu atapona. Nilikuwa nimekaa mlangoni nimerudi kuzika nikasikia baridi ya kwenu huko mlimani imenifuata mpaka huku kwenye joto.

Sasa jana mchana jua liko juu nikakuona umekaa kizingitini umenipa mgongo. Mtoto umembeba kwa mbeleko ya kijani. Nikasema karibu mwanangu, pita ndani, hukugeuka. Vidole vyako vyekundu kwa maganda ya kahawa. Nikasema mlete basi nimnawishe, maji yapo. Ukatikisa kichwa. Nilipoinuka kukushika hukuwepo. Leo tena umekuja, mchana ule ule, ukakaa pale pale. Mbona husemi? Mbona humwamkii mama yako? Mtoto naye halii.

Nina kiu na maji hayapiti. Kifua hakipigi filimbi tena kimenyamaza.

Kama umenikasirikia sema. Meshack yupo nje anangoja karatasi hii, anakataa kuingia ndani.

Mama


Mbinga
28 Juni 2025

Mama, mama yangu,

Salamu leo zinisubiri.

Mimi sijaja. Mama, nisikilize, soma mstari huu mara mbili. Sijateremka mlimani tangu nijifungue. Siku unazosema, mchana, nilikuwa nimelala nyumbani na homa kidogo, Tadea ubavuni. Ladislaus ni shahidi, alinifunika yeye. Mbeleko ya kijani ninayo kweli, mama mkwe kaninunulia juzi, na wewe hujawahi kuiona. Sijui umeijuaje. Ila sasa hivi si wakati wa kuogopa.

Kifua chenye pumu kikinyamaza hakijapona, mama. Kimechoka. Nimemuuliza nesi, na uso wake nimeuona.

Nenda kituo cha afya. Leo. Meshack nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka akuone umesimama, lakini namjua ni mwoga, akishaona watu wanakufa atatupa barua na kukimbia. Hamphrey yuko mbali kwenye mitumbwi ya watu. Basi hata kama hakuna mtu, toka. Jikokote. Piga kelele njiani.

Na huyo anayekaa kizingitini akija tena, usimwombe mtoto, usimkaribishe ndani. Mwambie hivi: "Kama wewe ni Eunice wangu, nipeleke kituoni." Kama ni homa, haidhuru, utakuwa umesimama. Kama ni mimi kwa namna nisiyoijua, nitakupeleka. Nakuahidi. Mimi siwezi kukuacha hapo.

Uniwie radhi mwandiko. Kikohozi kimenishika kidogo na kahawa yote iko kichanjani inataka kugeuzwa. Nikishaigeuza nitapumzika.

Nenda mama.

Mwanao,
Eunice


Kituo cha afya
6 Julai 2025

Mwanangu mpenzi Eunice,

Salamu nyingi, nyingi, nyingi. Mama yako anaandika akiwa ameketi, ana akili zake, na ameomba uji akasema hauna sukari. Tadea hajambo? Wewe hujambo? Mbona barua zako zimekatika?

Barua yako Meshack aliitupia dirishani, umemjua kweli kweli. Niliisoma mchana. Nilipoinua macho ulikuwa umekaa pale. Nikakuambia neno ulilonituma. Ukainuka.

Nikakufuata. Tulipita mchangani, kando ya maji, si barabarani. Ulikuwa mbele kidogo kila wakati. Nikianguka ulisimama bila kugeuka, nikiinuka ulikwenda. Kulikuwa hakuna upepo wala mtu, ziwa limetulia kama limemwagiwa mafuta. Wanawake waliokuwa wanaanika usipa wanasema waliniona nikipita peke yangu, nafoka, "Nakuja, usinikimbize, nakuja." Wakadhani nimerukwa na akili. Walipoona midomo yangu wakanibeba sehemu iliyobaki.

Hapa waliniwekea mipira puani, hewa ikawa inaingia yenyewe kama mtu anayenipulizia. Daktari, kijana mdogo tu, alisema, "Bibi, ungechelewa hadi jioni tungekuwa tunaongea mengine." Akasema ni mafua. Nikamwambia, sema tena. Akasema, mafua, bibi. Basi nilikutukana bure, mwanangu.

Sasa kuna kitu kinanikosesha usingizi. Ulinifikisha hadi kwenye lango la kituo. Hapo ukageuka kwa mara ya kwanza, ukanitazama, halafu ukashika njia ya kupanda mlimani. Na mgongoni mwako mbeleko ilikuwa imelegea. Mtoto hakuwemo.

Nijibu, hata neno moja. Nesi hapa anataka nikae mpaka kifua kisafike, mimi namwambia nimepona, kitanda wampe mwingine. Kesho natoka. Nikishapata nguvu ya kupanda gari naja huko nione kwa macho yangu.

Mama yako,
Lidia


Mbinga, hospitalini
14 Julai 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwanza neno unalolingoja: Tadea mzima. Mzima kabisa. Yuko kwa mama mkwe, ananyweshwa maziwa yangu kwa kijiko, na anapiga kelele kama mnadani. Vuta pumzi sasa, ndipo uendelee.

Mimi ndiye niliyelala. Siku ile nilipokuandikia nilikwenda kugeuza kahawa na mtoto mgongoni, na sikuimaliza. Ladislaus alinikuta nimeinamia kichanja, naongea peke yangu, midomo rangi ya zambarau. Akafungua mbeleko, akampa mama yake mtoto, akaazima pikipiki. Nilikuwa najua dalili zote kwa kichwa, nakusomea wewe kila siku, na nilipopumua haraka nikasema ni uchovu. Mwenye mtoto mchanga huwa anachoka, nani atamshangaa.

Siku nyingi sizijui. Rosa, mgonjwa wa kitanda cha jirani, ndiye anayenisimulia. Anasema nilikuwa nasema neno moja usiku na mchana: "Twende, mama. Inuka, twende, pale mbele tu." Na miguu inatembea chini ya shuka. Siku moja mchana nikatulia, nikashusha pumzi, nikasema, "Umefika." Tangu hapo homa ikaanza kushuka.

Mimi sikumbuki chochote. Wewe na Rosa hamjawahi kuonana.

Mlimani wameacha kucheka. Shangazi naye amelazwa, wodi ya upande wa pili. Mashine ya kumenya imesimamishwa, na Ladislaus anasema kopo la togwa limeinamishwa juu ya jiwe, hakuna anayeligusa.

Lakini si hayo yaliyonifanya niombe karatasi leo kabla sijaruhusiwa kukaa. Mama, ulisema unatoka kituoni. Nesi alikukataza, nawe ukasema umepona. Ulitoka? Kama ulitoka, rudi. Yakishashuka, haya yanaweza kumrudia mtu akidhani yamekwisha, yakampata kifua bado kibovu.

Kwa maana jana Rosa kaniuliza, "Mama Tadea, huyu bibi anayekaa miguuni pako kila mchana ni nani? Mbona wanamruhusu nje ya saa za kuona wagonjwa?" Nikamwambia sina bibi. Ladislaus anakuja jioni tu, na watoto na wazee hawaruhusiwi wodini. Rosa akasema, "Yule mwenye kitenge cha bluu, ananuka usipa. Amekaa hapo wiki yote. Anapumua kama anayepuliza moto wa kuni mbichi, mimi hata kulala silali."

Leo mchana nilikaza macho kwenye ncha ya kitanda mpaka yakatoa machozi. Sikuona kitu. Ila shuka lilikuwa limelala, kama pamekaliwa.

Mama, uko wapi? Uko kitandani kituoni, au umerudi nyumbani uko peke yako? Kama ni wewe unayekaa hapa, ondoka, usiniuguze mimi, mimi nimeshapona. Jiuguze. Nenda kituoni. Nakuamuru kama ulivyoniamuru mimi nikiwa mdogo nisitie mguu majini.

Nijibu kwa mkono wako mwenyewe.

Mwanao,
Eunice


Mbinga, hospitalini
17 Julai 2025

Mama,

Shikamoo.

Meshack hajarudi. Gari la samaki halijapanda tangu Jumatatu, wanasema dereva anaumwa. Barua hii nampa mtu wa bodaboda, nimemwambia akuite jina kwa sauti tangu barabarani, Lidia, mama Eunice, na asiondoke bila jibu. Akikukosa nyumbani aende kituoni, aulize vitanda vyote.

Leo mchana Rosa aliamka, akatazama miguuni pangu, akatazama mlangoni. Nikamuuliza nini. Akasema, "Yule bibi wako leo hakuja."

Nimemwuliza alipokuwa anaondoka jana alikuwaje. Kachoka? Kapumua vizuri? Rosa anasema hakuona akiondoka. Alisikia tu wodi imekuwa kimya.

Kifua chako kimepona, mama, au kimenyamaza?

Nimekaa na dirisha wazi. Nasubiri kusikia pikipiki.

Mwanao,
Eunice